Aqua ya haibridi au CX-5 ya dizeli: nimeziendesha zote mbili, Kibaha hadi Kariakoo

Mtu anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam na kufanya kazi mjini akiniuliza anunue gari gani la kila siku, namjibu bila kusita: haibridi ndogo, yaani gari la petroli linalosaidiwa na mota ya umeme. Anayepeleka mzigo Iringa au Makambako kila mara, namwambia achukue dizeli. Nyumbani kwetu tunayo yote mawili, Toyota Aqua na Mazda CX-5 ya dizeli, na mimi na baba watoto huwa tunabadilishana funguo kulingana na kazi ya siku. Swali hili naulizwa sana dukani, na majibu ninayoyasikia mtaani yanaishia kwenye lita tu: hii inakula ngapi, ile inakula ngapi. Mafuta ni sehemu moja ya hesabu. Sehemu kubwa ni kwamba gari lako linashindaje kutwa nzima, limesimama kwenye foleni au linakimbia. Hapo ndipo mtu anapookoa pesa au anapoingia mkenge.

Niseme mapema kwamba magari haya hayalingani kwa ukubwa. Aqua ni gari dogo la injini ya petroli ya 1.5 pamoja na mota ya umeme. CX-5 ni gari la juu, la familia, injini ya dizeli ya 2.2. Anayetaka kulinganisha viti na nafasi ya miguu atafute mapitio mengine. Mimi natazama tabia ya mashine mbili zikipewa kazi ileile, kwenye barabara ileile, mikononi mwa dereva yuleyule.

Kazi yenyewe ni hii. Nauza vitenge na mashuka Kariakoo, naishi Kibaha. Alfajiri natoka kabla jua halijachomoza, na ile barabara ya njia nane hadi Kimara inakwenda vizuri. Baada ya Kimara ndipo safari inapobadilika. Mabasi ya mwendokasi yana njia yao katikati, sisi wengine tunabanana pembeni. Daraja la juu la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa 2021, limetusaidia sana kuvuka makutano, lakini ukishashuka unakutana na Manzese, kisha Magomeni, kisha bonde la Jangwani, kisha Fire, na kila mahali pana sababu yake ya kusimama. Jioni ni vilevile, na zaidi, kwa sababu kila mtu anarudi kwa wakati mmoja. Marobota makubwa siyabebi mimi, yanapakiwa kwenye kirikuu. Kwenye gari langu ninabeba mafurushi ya wateja, mashuka na sampuli.

Kwenye foleni hiyo Aqua iko kwake. Ukisimama, injini inazima yenyewe, pembeni ya usukani hakuna mtetemo wala ngurumo, na gari linasogea mita tano, mita kumi, kwa umeme peke yake. Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wapande ni AC. Kwenye gari la kawaida kompresa ya AC inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizima ubaridi unakatika. Kompresa ya Aqua inaendeshwa na umeme wa betri kubwa. Foleni ya Manzese mwezi wa pili, jua la saa tisa, injini imezima na ndani kuna baridi. Betri ikishuka injini inawaka kidogo, inachaji, inazima tena. Nimepakia wateja wangu wa mikoani wakaniuliza kama gari limezimika.

Kuna faida nyingine inayoonekana polepole. Ukikanyaga breki taratibu, kazi ya kwanza ya kupunguza mwendo inafanywa na mota, inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Pedi za breki zinakamata mwishoni tu, au ukikanyaga kwa ghafla. Matokeo yake pedi zinakaa muda mrefu mno kwa gari la foleni. Halafu hakuna stata ya kawaida, hakuna alteneta, hakuna mkanda wa nje wa injini. Gia zake ni seti ya meno yanayozunguka kwa pamoja, hazina klachi za kuungua wala mkanda wa kuteleza. Vitu ambavyo kwenye gari la kawaida hufa kwa sababu ya kuwasha, kuzima, kusimama na kuondoka, hapa havipo kabisa.

Sasa mafuta. Japani walipoianza kuiuza Aqua Desemba 2011 walitangaza hadi kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo chao cha maabara. Usitegemee namba hiyo kwenye Barabara ya Morogoro. Mimi napima kwa njia ya kizamani: najaza mpaka bomba lenyewe linakata, kwenye sheli ileile, nafuta kilomita za safari, nikirudi kujaza nagawa. Kwa safari zangu za Kibaha na Kariakoo Aqua inacheza kwenye 19 hadi 21 kwa lita, AC ikiwa imewashwa muda wote. Na ninachokipenda zaidi ni kwamba siku ya foleni mbaya namba haiporomoki. CX-5 kwa njia hiyohiyo na mguu huohuo inanipa 9 au 10, lakini nikiipeleka safari ndefu inapanda hadi 15 au 16. Tazama pengo hilo. Dizeli ina gari mbili ndani ya moja, gari la mjini na gari la safari, na ukiinunua kwa sifa za safari ukaiweka mjini, unalipia sifa ambazo huzitumii.

Tunaokumbuka Agosti 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,400 kwa lita hapa Dar es Salaam, tunajua maana ya pengo hilo. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ya dizeli na petroli huwa zinafuatana karibu. Kwa hiyo ile hoja ya zamani kwamba dizeli ni rahisi kuinunua, kwetu haina uzito mkubwa. Faida ya dizeli inatoka kwenye injini yenyewe kutumia kidogo barabarani.

Hapa niingie kwenye jambo ninalotaka kila anayepanga kununua dizeli ya kisasa alielewe kabla hajatuma pesa Japani, maana wauzaji wengi hawalisemi.

Dizeli za miaka hii zina chujio la masizi kwenye njia ya moshi. Mafundi wetu wanaliita DPF, na jina hilo limeshazoeleka gereji zote. Kazi yake ni kuzuia yale masizi meusi yasitoke nje. Masizi yanajikusanya humo, na yakifika kiasi fulani kompyuta ya gari inaamua kuyachoma. Ili yaungue, moshi unatakiwa uwe na joto kali sana, karibu nyuzi 600. Injini inapata joto hilo kwa kunyunyiza dizeli ya ziada mwishoni mwa mzunguko, dizeli ambayo haisukumi gari bali inakwenda kupasha moto njia ya moshi. Gari likiwa linakimbia kwa mwendo wa kutosha, zoezi linaisha na wewe dereva hujui kama lilifanyika.

Ukiwa Manzese, haliishi. Umeanza kuchoma, umesimama. Umefika Kariakoo, umezima gari. Masizi yamebaki nusu, na kesho yanaongezeka mengine. Kisha ile dizeli ya ziada, sehemu yake inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi na kipimo chake kinapanda badala ya kushuka. Kwa wanaozoea magari ya zamani hili ni geni kabisa, kwamba oili inaweza kuongezeka bila mtu kuongeza. Vuta kijiti cha kupimia oili cha CX-5 ya dizeli uone: juu ya alama ya kujaa kuna alama nyingine ya X. Oili ikifika hapo, unamwaga na kuweka mpya, hata kama kilomita za sevisi hazijatimia. Baba watoto anachomoa kile kijiti kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuosha gari, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukinusa. Harufu ya dizeli ikizidi ile ya oili, anajua.

Kile kipindi tulichokuwa tunakwenda nayo mjini kila siku, taa ya chujio iliwaka. Kitabu cha gari kinaeleza cha kufanya: injini ikiwa imeshapata moto, endesha bila kusimama kwa kama dakika 15 hadi 20. Tuliitoa Kibaha kuelekea Mlandizi, mwendo wa kawaida, na kabla hatujafika Ruvu taa ilikuwa imezima. Gari halikuwa na ubovu wowote. Lilikuwa linadai kazi ambayo limetengenezwa kuifanya, na sisi tulikuwa tunalinyima. Tangu hapo CX-5 haifanyi kazi ya foleni nyumbani kwetu, na taa ile haijawahi kurudi.

Lakini wapo wasiokuwa na barabara ya Mlandizi karibu, wala muda wa kwenda kuzunguka ili gari lichome masizi. Hao wanaishia gereji. Na gereji nyingi jibu lao ni moja. Fundi mmoja alinikagulia gari, akaniambia, "Mama, hii tunaitoa tu, tunalikata, tunatoboa ndani, tunaifuta na kwenye kompyuta. Hutasumbuka tena." Nilimwambia hapana, na nitaendelea kusema hapana. Masizi yale yasipozuiwa na chujio yanakwenda kwenye vifua vya watu. Kariakoo kuna vijana wanaosukuma mikokoteni kutwa nzima nyuma ya mabomba ya magari, kuna akina mama wanaokaa chini na ndizi zao pembeni ya lami, kuna watoto wa shule wanaosubiri daladala. Ninawaona kila siku mbele ya fremu yangu. Mtu anayenunua dizeli kwa ajili ya mjini huku tayari amepanga kulikata lile chujio, namsihi anunue gari jingine.

Kuna na habari ya mafuta yenyewe. Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na bila hatua hiyo haya magari yasingeweza kuishi huku. Kuhusu uchakachuaji, wanaokumbuka enzi zile za dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa wanajua kwamba mwaka 2010 EWURA walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambua mafuta yaliyochanganywa,, na hali ikabadilika sana. Hata hivyo nozeli za dizeli ya kisasa zina matundu membamba mno na zinafanya kazi kwa presha kubwa. Maji kidogo au uchafu kidogo unatosha kuziharibu. Tunajaza kwenye sheli yenye magari mengi, hatujazi wakati lori la mafuta linashusha, na chujio la dizeli tunabadilisha mapema. Na oili lazima iwe ile isiyoacha majivu mengi, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa injini zenye DPF. Oili ya lori, hata ikiwa mpya na ya kampuni kubwa, majivu yake yanabaki ndani ya chujio, na majivu hayaungui.

Baada ya kusema yote hayo, nikupeleke mlima Kitonga, kwenye njia ya Iringa.

Nina wateja Iringa na Mafinga wanaochukua mashuka na vitenge vya jumla, na kabla ya sikukuu napeleka mwenyewe. Ukitoka Morogoro, ukapita Mikumi kwa mwendo wa adabu kwa sababu ya wanyama na tochi za trafiki, ukashuka hadi Ruaha Mbuyuni, mbele yako kuna ule mlima. Barabara inajikunja pembeni ya jabali, upande mmoja ukuta, upande mwingine bonde, na semitrela zinapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nafasi ya kupita ni fupi. Unahitaji gari ambalo ukiligusa linaondoka.

CX-5 ya dizeli inatoa mvuto wa Nm 420 kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Kwa lugha ya barabarani, huhitaji kuikanyagia injini ipige kelele. Nyuma kumejaa mafurushi mpaka dirishani, watu wanne ndani, na ile gari inapanda kama iko tambarare. Nafasi ikipatikana, unachomoka, unaingia upande wako, umemaliza. Usalama huo una thamani kubwa kuliko lita. Safari nzima ya Dar es Salaam hadi Iringa, kama kilomita 500, unafika mgongo ukiwa mzima, na ukijaza tanki Kibaha unafika na akiba.

Aqua nayo nimepanda nayo Kitonga. Inapanda, sitaki kumtisha mtu. Nguvu yake yote, injini na mota pamoja, ni nguvu za farasi 100. Mwanzoni mwa mlima mota inasaidia na unaona raha. Lakini betri yake ni ndogo, na mlima mrefu unaimaliza. Ikishashuka, inabaki injini peke yake yenye nguvu za farasi 74, inanguruma mfululizo, na wewe unakaa nyuma ya semitrela kwa sababu huna cha kupitia. Njia hiyo na mzigo, mara moja kwa mwaka, sawa. Kila wiki, hapana. Hata kwenye tambarare ya mwendo wa kasi faida ya haibridi inapungua, kwa sababu hakuna breki za kurudisha umeme na injini haipati nafasi ya kuzima.

Turudi kwenye Aqua, kwenye hofu ambayo kila mtu ananitajia: betri kubwa ikifa je?

Betri ile iko chini ya kiti cha nyuma. Ni moduli 20, yaani vipande vidogo vya betri, zilizoungwa pamoja kupata volti 144. Huwa haifi kwa siku moja, na mara nyingi kinachoanza kuchoka ni moduli chache. Kinachoiua haraka kuliko vyote ni joto, na kwa sababu hiyo ina feni yake ya kuvuta hewa kutoka ndani ya gari. Hewa hiyo inapita kwenye tundu lenye matundu madogo pale chini ya kiti. Sasa fikiria gari la mtu wa vitambaa. Vitenge vipya vina nyuzi, mashuka yana manyoya, na vyote vinaelea na kutua hapo. Fundi wa umeme wa magari kule mtaa wa Gerezani alikitoa kile kifuniko mbele yangu. Chujio lilikuwa limefunikwa na tabaka la manyoya la kijivu lenye nyuzi za rangi rangi, nyekundu, kijani, njano, unaweza kutambua vitenge vya msimu uliopita. Alilibandua likatoka zima kama kipande cha blanketi. Akasafisha na feni yenyewe kwa brashi na upepo, akaunganisha mashine kupima kila moduli, zote zilikuwa zinalingana. Kazi ya nusu saa. Tangu hapo chujio hilo linasafishwa kila gari linapomwagwa oili, na furushi halikai tena juu ya tundu. Kama unabeba watoto wanaokula biskuti, kama una mbwa, kama unauza nguo, jambo hili linakuhusu moja kwa moja.

Moduli zikichoka, mjini kuna mafundi wanaobadilisha mbili tatu wakakurudishia gari. Ni nafuu ya muda. Moduli mpya zikikaa na za zamani hazilingani, na baada ya muda zinafuata nyingine. Ukiweza, weka betri nzima, na ukinunua gari litengee akiba hiyo tangu siku ya kwanza. Mimi nina bahasha yangu. Fedha ninayookoa kwenye mafuta kila mwezi, kidogo inaingia humo. Na usiruhusu fundi yeyote ambaye hajasomea aguse nyaya za rangi ya machungwa. Rangi ile imewekwa kwa sababu umeme wake unaua.

Kuna na betri ndogo ya volti 12, ambayo inawasumbua watu kuliko ile kubwa. Haibridi haihitaji betri ndogo kuzungusha injini, inahitaji kuamsha kompyuta. Ikichoka, taa zinawaka hafifu, neno READY halitokei kwenye dashibodi, na mtu anadhani gari zima limekufa. Watu wameuziwa betri kubwa kwa ugonjwa wa betri ndogo. Anza na hiyo kila wakati. Kwenye Aqua nayo iko ndani, chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo lazima iwe ya aina yenye mrija wa kutolea hewa nje, usiweke ile ya kawaida iliyo rahisi dukani. Na jirani akikuomba umwashie gari lake kwa waya kutoka kwenye haibridi yako, mkatalie kwa heshima, umsaidie kutafuta gari jingine.

Udhaifu wa kweli wa Aqua kwa huku kwetu ni kimo. Iko sentimita 14 tu kutoka ardhini, na CX-5 ina 21. Barabara ya kuingia kwetu ni ya vumbi, masika ikishika inachimbika, na ninaipitisha Aqua kwa kuchagua njia kila hatua. Yale matuta ya mtaani yaliyojengwa na wananchi wenyewe yanaigusa tumboni ukipita na watu wanne. Na Jangwani maji yakijaa, siingii kabisa. Nasubiri au nazunguka, hata kama magari marefu yanapita. Mtu ambaye barabara yake ni mbaya mwaka mzima, aangalie haibridi za juu. Harrier ya haibridi ni gari zuri sana, ila injini yake ni ya 2.5, na bei na kodi yake ni habari nyingine.

Kodi zinachangia uamuzi. Ushuru wa bidhaa wa TRA, mamlaka ya mapato, unakwenda kwa ukubwa wa injini: injini ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, ikizidi 2,000 ni asilimia 10. Aqua ina 1,496, CX-5 ya dizeli ina 2,188. Juu yake kuna nyongeza ya uchakavu, asilimia 15 gari likifikisha miaka minane hadi kumi, na 30 likizidi kumi. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamlipa mtu yeyote. Wengi wanashangazwa bandarini na namba ambayo wangeiona bure wakiwa nyumbani.

Unapokwenda kulikagua gari ambalo tayari lipo nchini, kwa dizeli fanya mambo mawili ambayo hayahitaji fundi. Ingiza kidole ndani ya bomba la moshi. Chujio likiwepo na likiwa linafanya kazi, bomba linakuwa safi ndani, utapata vumbi jepesi tu. Kidole kikitoka cheusi tii, chujio limeshakatwa au limepasuka, na muuzaji anapaswa kukueleza. Pili, chomoa kijiti cha oili, tazama kimo na unuse. Kwa haibridi, endesha mwenyewe kwenye foleni, na AC ikiwa imewashwa, angalia ile picha ya betri kwenye dashibodi. Ikijaa haraka mno na kuisha haraka mno, ikipanda na kushuka kila baada ya dakika moja, moduli zimechoka. Sikiliza na upande wa kiti cha nyuma, feni ikipiga kelele muda wote betri inapata joto. Kisha lipia kipimo cha mashine, mbele ya macho yako.

Sijagusa dizeli za zamani, zile Hilux na Hiace na Prado za miaka ya tisini. Hazina DPF, zinavumilia mengi, na anayelima au anayesafirisha porini anajua kwa nini anazipenda. Lakini kwa kwenda ofisini Posta peke yako na begi la kompyuta, ni chuma kingi kinachokokotwa bure. Kuhusu kufunga mfumo wa gesi kwenye gari, jambo ambalo naulizwa kila foleni ya magari ya kujaza gesi pale Ubungo inapoonekana, ni njia nzuri kwa gari la petroli linalozunguka mjini kutwa nzima, dereva wa teksi mtandao kwa mfano. Kwa haibridi inayokwenda kilomita 20 kwa lita sioni haja ya kupoteza nafasi ya mizigo kwa mtungi, na sehemu ya mizigo ya Aqua ni ndogo tayari.

Mdogo wangu anayefundisha sekondari Mbezi ameniuliza juzi, nikamwambia achukue Aqua ya kuanzia 2015, aombe karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoeleza hali ya gari, asome alama ya ndani na kilomita, na akatae gari lolote ambalo karatasi yake imekatwa juu. Shemeji yangu wa Makambako, anayeshusha mahindi na kupandisha vifaa vya ujenzi, anatafuta CX-5 ya dizeli, na baba watoto amekubali kwenda naye kuikagua akiwa na kitambaa cheupe mfukoni kwa ajili ya bomba la moshi.